Nimezima, Nimesikia

Kidole kimoja hakivunji chawa. Asiyeamini na amtafute chawa, ambane kwa kidole kimoja juu ya goti lake, aone kama hatateleza akaenda zake kutafuta mshono mwingine wa kujificha. Wahenga walitaka kutuambia kwamba zipo kazi ambazo, hata ziwe ndogo namna gani, humtaka mtu na mwenzake. Siku hizi chawa wamepungua na mashine zimeongezeka, na kila mashine huja na ahadi kwamba kidole kimoja kinatosha. Mzee Pasi aliahidiwa hivyo na binti yake mwenyewe, naye kwa kuwa alimpenda binti huyo akaamini.

Jina la Pasi alilipata kazini. Tangu ujana hadi alipostaafu alinyoosha nguo za watu katika karakana ya dobi, kwenye mashine kubwa za mvuke. Mashati yaliyopita mikononi mwake yalikwenda harusini, mahakamani na makaburini, na yeye hakuwahi kuyafuata huko. Alibaki pale pale mezani na joto lake, na alipozeeka alikuwa amebakiwa na mambo mawili: masikio yaliyochoshwa na mvuke, na desturi ya kuzima.

Desturi hiyo ilianza baada ya pasi moja kuachwa ikiwaka juu ya shuka na kuteketeza nguo za watu kibao. Tajiri wa karakana akatoa amri kwamba kuanzia siku ile hakuna azimaye peke yake. Mwenye kuzima husimama kando ya mashine na kutamka kwa sauti, "Nimezima." Mwenzake, popote alipo, huacha anachokifanya, huja akaishika plagi kwa mkono wake ikiwa nje ya soketi, kisha hujibu, "Nimesikia." Bila jibu, hakuna aendaye nyumbani. Hapo ndipo mashine hufunikwa kwa shuka, zikalala. Wageni waliichekelea desturi ile, lakini karakana haikuungua tena.

Mzee Pasi aliibeba desturi hiyo hadi nyumbani kwake, ghorofa ya juu kabisa, katika nyumba yenye chumba, sebule na jiko dogo ambamo mtu angeweza kuosha vyombo na kufungua mlango bila kuhamisha miguu. Akizima jiko, alitamka. Mkewe alijibu kutoka popote, hata bafuni akiwa na povu kichwani. Alipougua na sauti kumkauka, alijibu kwa kugonga ubao wa kitanda kwa ukucha. Kisha ikafika jioni moja Mzee Pasi akatamka, na ubao haukugongwa.

Baada ya mazishi aliendelea kutamka. Hakuwa amerukwa na akili. Alijua fika kwamba hakuna wa kumjibu. Ila mdomo ukishazoea hauombi ruhusa. Ubaya wa jambo ni kwamba neno lisilojibiwa halikai kichwani. Alikuwa akisema "Nimezima", na baada ya muda mfupi hajui tena kama amesema leo au anakumbuka alivyosema jana. Jioni moja alisinzia kitini huku sufuria ikiwa jikoni, na kilichomwamsha ni moshi. Sufuria ilikuwa imeungua hadi imegeuka rangi.

Binti yake, muuguzi wa mji mwingine, alikuja mbio. Aliuondoa mtungi wa gesi, na mahali pake akaweka kikaangio cha hewa: kitu cheusi, kinono, chenye droo tumboni na taa ndogo usoni.

"Hiki hakina moto, Baba," alisema. "Kinapika kwa upepo wa moto. Unaweka chakula kwenye droo, unachagua dakika, unabonyeza hapa, basi. Kidole kimoja tu."

"Na kuzima?"

"Kikimaliza kinalia chenyewe, kinatulia. Lakini wewe usikiachie hivyo. Bonyeza hapa mpaka taa ife, zima ukutani, chomoa plagi. Halafu kiache kipoe. Usikisukume ukutani, usikifunike kikiwa cha moto. Unaona haya matundu huku nyuma? Ndiyo pua yake, huku ndiko kinakopumulia."

"Kinapumua," Mzee Pasi alisema. "Basi humu ndani sasa tuko wawili."

Binti hakucheka. Aliinama akafunga begi lake, na alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba, sikutishi. Lakini likitokea jingine, narudi na begi tupu nakuja kukuchukua. Siwezi kufanya kazi ya zamu huku moyo uko huku."

Mzee Pasi alikubali kwa kichwa. Aliijua nyumba ya binti yake. Alikwisha kukaa huko baada ya msiba. Ilikuwa nyumba nzuri na tupu. Asubuhi kila mtu alitoka, mume kazini, mke kazini, na yeye alibaki akiutazama mlango hadi jioni kama mzigo ulioachwa kituoni. Hapa kwake angalau ukutani palikuwa na alama ya mafuta mahali mkewe alipoegemeza kichwa akisuka mkeka wake. Aliapa moyoni kwamba hataondoka katika nyumba hii kwa sababu ya kikaangio. Hilo ndilo lililokuwa limebaki la kulindwa katika maisha yake, naye alililinda kwa meno.

Kila jioni simu ililia.

"Umezima, Baba?"

"Nimezima."

"Umechomoa?"

"Nimechomoa."

"Kweli?"

Hapo Mzee Pasi hakuwa na hakika. Alikwenda na simu mkononi hadi jikoni, akaipapasa plagi, ndipo akajibu, "Kweli, mwanangu." Kisha wakaagana, na mara tu simu ilipokatika wasiwasi ukarudi. Alikiburuta kiti hadi jikoni akakaa karibu na mashine, akiweka kiganja juu yake kila baada ya muda, akikingoja kipoe kama mtu anayengoja mtoto alale. Kikishapoa kabisa alikisogeza ukutani na kukifunika kwa kitambaa cheupe ambacho marehemu mkewe alikitarizi maua pembeni. Mkono wa dobi hauijui namna nyingine ya kumaliza kazi.

Kabla ya hapo alikuwa na mahali pa kwenda. Chini ya jengo palikuwa na duka la kinyozi, na mlangoni pake palichezwa drafti, mchezo ambao Mzee Pasi aliutawala bila huruma. Sasa kila akiketi na kuziweka kete, moyo humwambia: je, ulichomoa? Hupanda ngazi zote, hukuta kimechomolewa, hushuka, hucheza kete chache, hupanda tena.

"Mzee," kinyozi alimtania siku moja huku akipuliza nywele kwenye mashine yake, "huko juu umeoa kimyakimya nini? Mbona hukai?"

Watu walicheka, naye akacheka kidogo kwa adabu. Kesho yake hakushuka, na keshokutwa yake pia. Kikaangio kilichonunuliwa ili aweze kuishi peke yake kilikuwa kimemfungia ndani, na alikuwa mpweke kuliko alivyokuwa siku ya matanga.

Lakini ukuta wa jiko lake haukuwa wa tofali. Ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ili ujifanye ukuta, na nyuma yake kulikuwa na jiko jingine dogo kama lile. Huko aliishi mwanamke ambaye jengo zima lilimwita Bi Laini. Naye jina lake lilitoka kazini. Alikuwa mpokea simu katika ofisi kubwa, enzi zile mtu akitaka kuzungumza na mwenzake sharti kwanza aunganishiwe laini. Aliwaunganisha watu maisha yake yote. Mume alikuwa naye zamani, akakata laini. Watoto hawakupata, na simu yake mwenyewe sasa ililia kwa matangazo tu.

Majirani hawa wawili walikuwa hawasemezani. Hawakugombana, walifanya jambo baya kuliko ugomvi, yaani walinyamaza. Zamani Bi Laini alikuwa na redio aliyoifungulia tangu asubuhi, ikimpigia kelele zinazofanana na familia. Siku moja Mzee Pasi aliugonga ukuta kwa ngumi, mara tatu, kwa hasira. Redio ikazimwa pale pale. Tangu siku hiyo, wakikutana ngazini, mmoja alikohoa na mwingine akaitikia kwa kichwa, kila mtu akaenda na njia yake. Hata matangani Bi Laini alikuja, akaketi nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chai.

Kwa kuwa redio ilikuwa imezimwa, Bi Laini alisikia kila kitu. Alisikia droo ikivutwa, kikaangio kikiunguruma, kengele yake, plagi ikitoka ukutani, kisha sauti ya mzee, "Nimezima," na baada yake kimya kirefu kilichomuumiza hata yeye asiyehusika. Aliwahi kumsikia mke wa mzee akijibu, kwa hiyo alijua jibu linalokosekana. Jioni moja, bila kupanga, midomo yake ilicheza: nimesikia. Sauti haikutoka. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na ikawa ndiyo ada yake ya jioni. Alijibu kimoyomoyo, kisha akala chakula chake.

Basi ikafika siku ambayo Mzee Pasi aliamka amechoka kuogopa. Kinyozi alikuwa amempigia simu kumwambia kuwa kuna fundi umeme mmoja anatamba mlangoni pale, anasema bingwa wa drafti amekimbia uwanja. Maneno hayo yalimwingia. Aliamua kupika mapema, ale akirudi, ashuke akamwadhibu fundi yule, na asipande ngazi hata mara moja kuja kukagua. "Leo sirudi," alijiambia akijinyolea ndevu. "Nikishazima, nimezima."

Aliitandika droo karatasi ya kupikia ili isishike mafuta, akapanga viazi na kipande cha kuku, akabonyeza. Alivaa shati lililonyooka kama ukurasa wa kitabu kipya. Alipotoka chumbani, harufu ilimwambia kwamba viazi vimeiva kabla ya dakika kwisha. Akaivuta droo yote nje. Kikaangio kikanyamaza mara moja na taa yake ikafifia.

Kwa mtu wa dobi, mashine iliyonyamaza imezimwa. Lakini kile kikaangio kilikuwa kimesita tu, kikimngoja mwenyewe arudishe droo kiendelee na dakika zake. Hilo binti hakulitaja, kwa kuwa yeye hakuwahi kutoa chakula kabla ya kengele. Mzee Pasi alikipakua chakula kwenye sahani, akaifunika. Alikisukuma kikaangio hadi ukutani ili apate nafasi ya kupita, na mkono wake, uliokuwa na haraka ya kwenda kucheza, ukakitandaza kitambaa cheupe juu yake bila kungoja. Plagi ilikuwa nyuma huko, haionekani.

"Nimezima," alisema, na akapokea kimya chake cha kila siku.

Droo ilikuwa bado iko mezani, na ndani yake karatasi nyepesi, tupu. Akairudisha mahali pake, akaimalizia kwa kiuno kama mtu anayefunga kabati, akatoka na kuuvuta mlango kwa kishindo. Masikio yale yaliyochoshwa na mvuke hayakusikia kitu nyuma yake. Katikati ya ngazi miguu ilisita, ikataka kurudi. Akailazimisha kushuka.

Upande wa pili, midomo ya Bi Laini ilikuwa imekwisha kucheza jibu lake. Alikuwa anamenya kitunguu. Akasikia mlango wa jirani ukifungwa, nyayo zikishuka, na moyo wake ukafurahi kidogo kwamba mzee wa watu leo anatoka. Kisha akaacha kumenya. Kikaangio kilikuwa kinaunguruma.

Alikiweka kisu chini, akalitega sikio ubaoni. Tangu mashine ile ije, haikuwahi kunguruma baada ya neno lile. Akajiambia si yangu, mtu aliyekugongea ukuta hutamgongea wake. Akakishika kisu tena, akakiweka tena. Mwishowe aliugonga ukuta, kwanza kwa kidole, halafu kwa mwiko. Hakuna aliyejibu. Harufu ya karatasi inayoungua ikapenya kwenye nyufa za mbao, na mkono wake ulipougusa ukuta ulikuta una joto. Chini ya ukuta huo huo, upande wake, ulisimama mtungi wake wa gesi.

Bi Laini alitoka ukumbini na ndara zake za jikoni. Moshi mwembamba ulikuwa unajipitisha chini ya mlango wa jirani. Akaujaribu mlango, umefungwa. Lakini mpokea simu hasahau kamwe waya upi ni wa nani, na mita za umeme za jengo lile zilikuwa ndani ya boksi pale pale ukumbini. Alilifungua, akaitafuta swichi ya mzee, akaishusha. Mle ndani mngurumo ukafa. Kisha akashuka ngazi zote mbio.

Mlangoni kwa kinyozi fundi umeme alikuwa amebakiwa na kete chache za aibu. Mzee Pasi alikuwa ameinua mkono kumla ya mwisho alipomwona mbele yake jirani yake asiyemsemesha, mkono kifuani, akitweta.

"Jirani," Bi Laini alisema. "Hukuzima."

"Nilizima. Nilisema kabisa."

"Ulisema, nilikusikia. Lakini mashine haikusikia."

Kete ilimponyoka. Hakuna aliyetania, hata kinyozi.

Walipoufungua mlango moshi uliwapokea, ukatafuta njia yake ya kutokea. Karatasi ilikuwa imerushwa na upepo wa ndani ikashika moto kwenye nondo za joto. Kitambaa cheupe kilikuwa kimeungua katikati, kikabaki tundu jeusi lililozungukwa na maua. Ukutani ubao ulikuwa umebadilika rangi kwa umbo la kikaangio chenyewe. Mzee Pasi alikurupukia bomba, akajaza kikombe maji.

"Acha," Bi Laini alimzuia. "Kile ni cha umeme, usikimwagie maji. Hakina nguvu tena, nimekata huko nje. Wewe fungua dirisha tu."

Alijifunga kanga vizuri kiunoni, akapenyeza mkono nyuma, akaichomoa plagi. Akakisogeza kikaangio mbali na ukuta kwa taulo nene, akakiondoa kile kitambaa kilichokuwa bado kinafuka na kukitia sinkini chini ya bomba, halafu akaiacha droo ilivyo, imefungwa, mpaka kila kitu kipoe. Alipomaliza alikuwa bado ameishika plagi. Akaiinua mbele ya mwenye nyumba na, bila kufikiri, akasema, "Nimesikia."

Mzee Pasi alimkodolea macho. "Umesema nini?"

Bi Laini aliona haya, akaiweka plagi mezani. "Nakujibu kila jioni. Ila kimoyomoyo. Uliwahi kunigongea ukuta, nikajua sauti yangu huitaki."

"Siku ile mke wangu alikuwa ndiyo kwanza amepata usingizi. Hakuwa amelala siku mbili."

"Najua. Nilijua baadaye, nilipoona watu wanakuja na viti. Ndiyo maana sikuifungulia tena."

Mzee Pasi aliketi kwenye kile kiti chake cha kungojea mashine, akakifinyafinya kitambaa chenye maji magotini, akalia. Alikililia kitambaa, alimlilia mkewe, na alizililia jioni zote alizodhani anazungumza na mbao. Bi Laini hakumwambia nyamaza. Alisimama dirishani akiupungia moshi kwa mfuniko wa sufuria, ingawa moshi ulikuwa umekwisha zamani.

Simu ikalia. Wote wawili walimjua anayepiga.

"Umezima, Baba?"

Neno moja lingetosha. Alilisema kila siku, na lingemwachia nyumba yake. Mzee Pasi aliutazama ubao ulioungua, akamtazama mwanamke aliyepika nyuma ya ubao ule kila jioni karibu na mtungi wake wa gesi.

"Sikuzima, mwanangu," alisema. "Kimeungua. Mimi mzima. Jirani ndiye aliyeniokoa."

Binti akasema kwa upole uliouma kuliko makaripio, "Basi Jumapili nakuja."

Jumapili alikuja na begi tupu kama alivyoahidi. Alipitisha kiganja ukutani palipoungua. Chumbani alikuta mashati ya baba yake yamekunjwa kitandani, yote yamenyooshwa, kola juu ya kola, yakimngoja. Hakutegemea kwamba hatabishiwa, na hilo lilimvunja nguvu.

"Niruhusu nikupikie kwanza," Mzee Pasi alisema. "Fundi umeme amekikagua, kasema kizima. Ule, ndipo twende."

Alipika viazi. Safari hii alikingoja kikaangio hadi kengele ilipolia. Aliibonyeza swichi yake mpaka taa ikafa. Akazima ukutani, akaichomoa plagi, akailaza mezani mahali pa wazi. Akatoa droo, akapakua, akaitupa karatasi. Kikaangio kilikuwa katikati ya meza, mbali na ukuta, hakina nguo. Akasimama kando yake wima, kama alivyosimama karakanani.

"Nimezima," alisema.

Nyuma ya ukuta palikuwa kimya. Binti aliitazama sakafu. Alikumbuka ukucha wa mama yake kwenye ubao wa kitanda, na hakutaka baba amwone. Mzee Pasi hakusogea. Mara mlango wa jirani ukalia, ndara zikaburuzika ukumbini, na Bi Laini akaingia na unga mikononi. Alimwamkia binti kwa macho tu, akaenda moja kwa moja mezani, akaishika plagi, akaitazama.

"Nimesikia," akasema.

Binti aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. "Mama, utakuja hivi kila siku?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa mpokea simu. Kazi yangu ilikuwa kuitika."

"Na siku ukiwa hupo?"

"Siku nisipokuwepo asipike. Ale mkate. Mkate haujamchoma mtu."

Mzee Pasi alikohoa ili asicheke. Binti aliketi, akala viazi vyote, akaosha sahani. Kisha alikwenda chumbani, na kwa muda mrefu alisikika akifungua kabati. Alipotoka mashati hayakuwa kitandani tena, na begi lilikuwa jepesi vilevile. Ndani yake mlikuwa na kitambaa chenye tundu tu. Alisema atatafuta mtu wa kukitia kiraka, na akirudi atakikuta kikaangio hakina nguo, la sivyo watakosana.

Alipoondoka nyumba ilirudia ukimya wake. Upweke haukutoka siku hiyo, wala hakuna aliyeutegemea utoke. Mkewe alikuwa bado amekufa, na kitanda kilikuwa bado kipana. Lakini Mzee Pasi hakukiburuta kiti kwenda kuilinda mashine. Aliugonga ukuta mara tatu, kwa kidole, polepole.

"Jirani," alisema mdomo ukiwa karibu na ubao. "Ile redio bado inafanya kazi?"

Nyuma ya ukuta kitu kilikoroma, kikatafuta stesheni, kikaipata. Mzee Pasi alifunga mlango wake akashuka kucheza drafti, na hakurudi kukagua hata mara moja, maana neno lake lilikuwa limepokelewa. Kuzima alikuwa amezima siku nyingi. Alichokosa ni wa kumsikia, na kidole kimoja hakivunji chawa.